Toba na Anwani Yake

Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume Muhammad anasimulia habari za mtu aliyeua watu tisini na tisa, kisha akaanza kuulizia kama bado iko toba kwa mtu wa aina yake. Akaelekezwa kwa mcha Mungu mmoja, mwingi wa ibada lakini si wa elimu. Huyo akamjibu kuwa hakuna. Akamuua, ikatimia mia. Akaelekezwa tena, safari hii kwa mwanachuoni, naye akamwambia mambo mawili. La kwanza, hakuna anayeweza kusimama kati yake na toba. La pili, auhame mji wake, kwa sababu ni mahali pabaya, aende mji fulani wenye watu wanaomwabudu Mungu, akaishi nao. Mtu yule akashika njia. Mauti yakamkuta safarini, na malaika wa rehema na wale wa adhabu wakamgombania, hadi ikaamriwa upimwe umbali wa pande mbili. Akakutwa yuko karibu zaidi, kwa shibiri moja, na mji aliokuwa akiuendea.

Wahubiri wengi wanapoisimulia hadithi hii hukaa kwenye upana wa rehema, na rehema hiyo kweli ni pana. Agizo la kuhama hupitiwa haraka. Lakini mwanachuoni hakuona haja ya kumhoji yule mtu juu ya nia yake. Kilichomtia wasiwasi ni mtaa. Alielewa kwamba mtu anaweza kuwa mkweli kabisa katika majuto yake asubuhi, na jioni akawa amerudi palepale, kwa kuwa watu waliomzunguka, vichochoro anavyopita na milango anayoijua vyote vinamvuta upande mmoja.

Agizo hilo linahusu sana sebule za Zanzibar, Dar es Salaam, Tanga na Mombasa. Heroini ilianza kuenea visiwani na mwambao katika miaka ya 1980, na tangu hapo familia nyingi zimejifunza msamiati ambao hazikuutaka: unga, yaani heroini yenyewe; kete, kipimo chake kimoja; teja, mraibu wake; na arosto, mateso ya kuukosa. Kijana ameuza simu ya mama yake, kisha jiko la gesi, kisha mabati ya banda la kuku. Ameapa kwa msahafu kuwa ameacha, na alipokuwa akiapa alikuwa akisema kweli. Halafu arosto ikaja na maumivu ya mifupa, jasho, kuhara na kukosa usingizi, huku kijiwe kiko mwendo wa dakika chache kwa miguu. Siku moja mjomba, au jirani mwenye mtoto aliyepita njia hiyo, hutamka neno: apelekwe soba.

Soba, au soba hausi, si hospitali. Nyingi ni nyumba za kawaida za kupanga, zenye ua, vyumba vya kulala watu kadhaa na jiko la pamoja. Wanaoishi humo wamekwisha kuacha au wako katika siku za mwanzo za kuacha. Wanaamka kwa wakati mmoja, wanafagia, wanapika kwa zamu, wanaswali au wanasali, wanakaa kwenye duara na kuzungumza, na mara nyingi anayeongoza duara ni mtu aliyewahi kulala maskani kama wao. Familia huchangia ada kwa mwezi. Zanzibar, ingawa ni visiwa vidogo, imekuwa na nyumba za namna hii kwa zaidi ya muongo mmoja, na uzoefu wake ni wa kuheshimiwa kuliko unavyosifiwa.

Kuna kipingamizi ambacho lazima kisikilizwe kabla ya mtu kulipa ada hiyo. Wazee husema penye nia pana njia, na kwa mraibu methali hii hugeuka kuwa hukumu: kama hakuacha, basi hakunuia. Aliyenuia kwa dhati angeacha nyumbani kwao, mbele ya rafiki zake walewale, bila kulipiwa kitanda. Baadhi ya watu wa dini husema vivyo hivyo kwa lugha nyingine, kwamba imani ya kweli haihitaji ukuta.

Ushahidi mmoja mzito dhidi ya hoja hiyo ulitoka vitani. Mwaka 1971 serikali ya Rais Richard Nixon ilishtuka kugundua kwamba wanajeshi wa Marekani waliokuwa Vietnam walikuwa wakitumia heroini kwa wingi. Mtafiti Lee Robins alipewa kazi ya kuwafuatilia waliorudi. Karibu mmoja kati ya watano alieleza kuwa alikuwa mraibu akiwa kule. Washington ilijiandaa kwa maafa mitaani, kwa sababu kila mtu alijua kwamba mla unga harudi. Robins alipowahoji baada ya kurejea kwao, katika mwaka wa kwanza ni kama asilimia 5 tu ya wale waliokuwa waraibu Vietnam ndio waliokuwa wametumbukia tena katika uraibu. Wapo hata waliojaribu tena heroini nyumbani bila kurudia hali ya kwanza.

Matokeo hayo yalipingwa na kuchunguzwa kwa miaka. Ni kweli kwamba wanajeshi hao waliacha vita pamoja na unga, na kwamba wengi wao wasingeugusa kama wasingepelekwa kule. Kijana wa Ng'ambo, Unguja, hana bahati ya kupanda ndege na kuiacha nchi nzima iliyomzoesha. Hata hivyo wanajeshi hao hawakupewa nia mpya kwenye uwanja wa ndege wa Saigon. Kilichobadilika ghafla ni mahali, watu na kazi ya kila siku. Nia zilizokuwa zikishindwa kule ziliweza kusimama nyumbani.

Mwaka huohuo wa 1971 mwanafalsafa wa Marekani, Harry Frankfurt, alichapisha makala kuhusu uhuru wa utashi, na mfano alioutumia ulikuwa mraibu. Frankfurt alitofautisha tamaa na tamaa iliyo juu yake. Mnyama hutaka chakula na basi. Mwanadamu hutaka kitu, na pia hutaka au hukataa kukitaka. Yuko mraibu anayetumia na kuridhika na kutumia kwake. Yuko mwingine anayeuchukia unga hata anapoutafuta, ambaye haja yake kubwa ni kutokuwa na haja hiyo. Kwa Frankfurt, huyu wa pili hana utashi huru kwa sababu tamaa inayomsukuma kutenda siyo ile anayoitaka imsukume.

Yeyote aliyekaa na mtu mwenye arosto anamjua huyo wa pili. Ndiye anayelia akiomba pesa. Kumwambia hana nia ni kumdhulumu, maana anazo mbili, na iliyo bora imezidiwa nguvu. Basi swali la busara si kama ana nia. Ni wapi ile nia bora itapata wa kuisaidia.

Imam Ghazali, katika kitabu cha toba kilichomo ndani ya *Ihya Ulum al-Din*, aliigawa toba katika mambo matatu yanayofuatana: elimu ya madhara ya dhambi, hali ya majuto inayozaliwa na elimu hiyo, na kitendo. Mgawanyo huu una faida kubwa kwa familia za waraibu, kwa sababu mateja wengi wana mambo mawili ya kwanza kwa wingi. Wanajua madhara kuliko mhadhiri yeyote, wamewazika wenzao. Majuto wanayo mpaka yamewachosha. Kinachokosekana ni kitendo cha kwanza kinachowezekana, na kwa mtu asiyeweza kuahidi kesho yake, kuchagua mahali pa kulala leo ni kitendo kinachowezekana.

Hapa ndipo mafundisho ya soba yenyewe yanapozua ugumu wa kiimani. Nyumba nyingi hufuata hatua kumi na mbili, zilizoanzia mbali sana na mwambao. Mwaka 1935, mjini Akron, Ohio, Bill Wilson, aliyekuwa mtu wa soko la hisa, alikutana na daktari wa upasuaji Bob Smith. Wote wawili walikuwa walevi, na kutokana na mazungumzo yao kikazaliwa Alcoholics Anonymous. Kitabu chao cha mwaka 1939 kilizichapisha hatua hizo, na mwaka 1953 wengine huko California wakazichukua kwa ajili ya dawa za kulevya na kuanzisha Narcotics Anonymous. Hatua ya kwanza ni kukiri kuwa huna uwezo juu ya kilevi. Ya tatu ni kuukabidhi utashi wako kwa Mungu, kwa namna kila mtu anavyomfahamu. Kauli hiyo ya mwisho iliingizwa kwa sababu baadhi ya wanachama wa mwanzo hawakuwa watu wa dini, wakakataa kufungwa na Mungu wa wenzao. Kutokana na upinzani wao, leo Mwislamu wa Unguja na Mkristo wa Kigamboni wanaweza kukaa duara moja.

Ugumu ni huu: kama mraibu hana uwezo, ataulizwaje? Fikihi humtaka mtu mzima mwenye akili timamu awajibike. Lakini watu wa mwambao hutamka kila siku, kwenye msiba, kwenye ajali, hata wanaposhindwa kuinua mzigo, la haula wala kuwwata illa billah, kwamba hakuna hila wala nguvu ila kwa Mwenyezi Mungu. Hakuna anayedhani kwamba aitamkaye amejivua wajibu. Anauweka wajibu mahali pake: nguvu hazitoki kwake, kuziomba na kuzifuata ni juu yake. Hatua ya kwanza ikisomwa hivyo inaacha kuwa udhuru. Mtu anakiri kuwa peke yake hawezi, na kwa kukiri hivyo anabeba jukumu la kutobaki peke yake.

Tena dini yenyewe imeonyesha subira katika jambo hili. Wafasiri wa Kurani wanaeleza kuwa pombe haikuharamishwa kwa siku moja. Kwanza yalitajwa madhara yake kuwa yanazidi manufaa, kisha watu wakazuiwa kukaribia sala wakiwa wamelewa, na mwisho likaja katazo kamili. Watu walipewa muda wa kubadilisha mazoea, na jamii nzima ilibadilika pamoja nao. Anayemtaka teja aache leo, peke yake, katikati ya wanaotumia, anamdai zaidi ya walichodaiwa Waislamu wa kwanza.

Lakini je, mahali pakiwa na nguvu hivyo, kwa nini asipelekwe kwa nguvu? Swali hili linaumiza kwa sababu linaulizwa na kina mama. Wapo waliomfunga mtoto kamba na kumpakia kwenye gari, na wapo wanaolipa ili afungiwe asitoke. Wanafanya hivyo kwa mapenzi, mara nyingi baada ya kila kitu kingine kushindikana.

Italia ililijadili mahakamani. Vincenzo Muccioli alianzisha jumuiya ya San Patrignano karibu na Rimini mwaka 1978, wakati heroini ilikuwa ikiwamaliza vijana wa nchi hiyo na serikali haina la kuwapa. Aliwapokea bila malipo, akawapa kazi na familia. Ikagundulika kuwa baadhi ya waliotaka kuondoka walifungwa minyororo. Kesi ikaja, na wazazi wengi wakasimama upande wake wakisema mnyororo ni bora kuliko jeneza. Mwaka 1985 alitiwa hatiani, kisha mwaka 1987 akaachiwa huru katika rufaa. Miaka michache baadaye, mwaka 1989, mkazi mmoja wa jumuiya hiyo alipigwa hadi kufa ndani ya jumuiya hiyohiyo.

Hoja ya wazazi wale haiwezi kudharauliwa. Mtu akiwa katika hali ya kujidhuru, kumzuia kwa saa chache ili afike kwa daktari ni jambo ambalo sheria na dini zinalielewa. Lakini kumzuia asife usiku huu na kumwekea makazi yasiyo na mlango kwa miezi ni vitu viwili tofauti. Tamaa ile ya juu aliyoizungumzia Frankfurt huimarika kwa kutumika. Mtu anayebaki ndani kwa sababu geti limefungwa hana nafasi ya kuchagua kubaki, na siku geti likifunguliwa atakuwa hajawahi kuufanya uchaguzi huo hata mara moja. Waislamu wanaijua kanuni hii kwa upande wa ibada: swala ya anayesimamishwa kwa fimbo bila nia ni viungo tu vinavyoinama. Na penye mnyororo hapakosi fimbo, maana aliyepewa mamlaka ya kumfunga mwenzake kwa manufaa yake huwa hana wa kumuuliza.

Kuna mfano unaoelekea upande mwingine kabisa. Mwaka 1975, Silver Spring, jimboni Maryland, nyumba ya serikali ya mtaa ya walevi wanaopata nafuu ilikuwa inafungwa kwa kukosa fedha. Wakazi wake, akiwemo Paul Molloy, waliamua kuikodi wenyewe. Wakaiita Oxford House. Hakuna msimamizi anayelipwa. Wakazi huchagua viongozi wao kwa kura na kuwabadilisha, hugawana kodi na bili sawasawa, na anayerudia kilevi huondolewa mara moja. Hakuna ukomo wa kukaa. Anayelipa na kubaki bila kilevi anaweza kukaa miaka. Nyumba hiyo moja imezaa nyumba nyingi kote Marekani. Mtafiti Leonard Jason na wenzake walichukua watu 150 waliomaliza matibabu huko Illinois, wakawagawa kwa bahati nasibu: nusu Oxford House, nusu huduma za kawaida. Baada ya miaka miwili, waliokuwa wamerudia matumizi katika kundi la kwanza walikuwa kama asilimia 31, na katika kundi la pili kama asilimia 65.

Kinachovutia zaidi ni kile ambacho wakazi wanafanyiwa, au tuseme hawafanyiwi. Mtu ambaye jana hakuaminiwa na shilingi mia anakabidhiwa daftari la hesabu za nyumba. Anapiga kura. Anamwambia mwenzake kuwa zamu ya vyombo ni yake. Utashi wake unarudishiwa kazi, kidogo kidogo, mbele ya watu wanaomjua.

Sheria ya kufukuza inabaki kuwa mwiba. Inalinda wengine, kwani kete moja chumbani inaweza kuiangusha nyumba nzima. Lakini mtu aliyekaa wiki kadhaa bila heroini mwili wake umepoteza uzoefu, na kipimo alichokuwa akikimudu zamani sasa kinaweza kuzima pumzi zake. Kumtoa nje usiku, akiwa na aibu na bila pa kwenda, ni kumpeleka mahali ambapo hatari ni kubwa kuliko siku aliyoingia. Nyumba yenye huruma hupanga mapema: anayeteleza anaondoka kitandani pake, lakini yuko wa kumsindikiza hadi hospitali au kwa ndugu, na milango inabaki wazi kwa ombi jipya. Familia inayochagua soba ingeuliza jambo hili kabla ya kuuliza kuhusu chakula.

Kuuliza ni lazima, kwa kuwa jina zuri huwavuta pia wezi. Kusini mwa Florida, watu wenye bima walipewa malazi ya bure katika nyumba zilizojiita za upataji nafuu ili wenye nyumba wavune malipo ya vipimo na matibabu, na aliyerudia unga alikuwa na faida zaidi kwao kuliko aliyepona. Mmoja wa wamiliki, Kenneth Chatman, alihukumiwa mwaka 2017 kifungo cha zaidi ya miaka 27. Mei 2023 viongozi wa Arizona walitangaza kwamba Wamarekani asilia walikuwa wakichukuliwa hadi kutoka katika ardhi zao na kupelekwa kwenye nyumba za aina hiyo Phoenix, huku bima ya umma ikitozwa kwa huduma ambazo nyingi hazikutolewa. Baadhi yao walijikuta barabarani nyumba hizo zilipofungwa. Hata pasipo na bima ya kuvuna namna hiyo, ada ya kila mwezi bila ukaguzi ni kishawishi kilekile kwa kiwango kidogo.

Kwa hiyo anayetafuta nyumba aende mwenyewe kuitazama, na mraibu awe naye ikiwa hali inaruhusu. Azungumze na wakazi bila msimamizi kuwepo. Aulize kama mtu anaweza kuondoka akitaka, nani anashika dawa, ni daktari gani huitwa usiku, na ada inaishia wapi. Aulize pia kuhusu methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza arosto. Hospitali ya Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, na Zanzibar ikafuata mwaka 2015 huko Kidongo Chekundu. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Bado zipo nyumba zinazomhesabu anayeinywa kuwa bado anatumia, na zinamtaka achague kati ya kikombe chake na kitanda. Hilo ni kosa. Dawa inayonywewa mbele ya muuguzi kila asubuhi, ikamwezesha mtu kuswali, kufanya kazi na kukaa na wanawe, haimlevyi. Inamtuliza hadi majuto yake yapate kitendo.

Wanawake wana uchaguzi mdogo zaidi. Nyumba nyingi ni za wanaume, na mwanamke mla unga hubeba fedheha maradufu, akiwa na watoto ambao hakuna pa kuwaacha. Wengi hubaki kwa mtu yuleyule anayewapa kete.

Na liko jambo ambalo hata nyumba nzuri hulisahau. Muda wa soba huisha, na siku hiyo daladala humrudisha kijana kwenye mtaa uleule, kwenye baraza ileile, bila kazi. Robins angetabiri kitakachofuata. Oxford House ililijibu hili kwa kuondoa ukomo wa kukaa. Hapa, ambako ada ni mzigo, familia zinaweza kuanza kulitafutia jibu siku ileile ya kumpeleka: shangazi wa Makunduchi atakayempokea, fundi atakayemfundisha kuchomea vyuma, mkutano wa jioni ulio karibu na huko, na mtu mmoja aliyepona ambaye namba yake itakuwa ya kwanza kwenye simu mpya.